Bei iko kwenye mpini: visu vya heshima vya Kongo na mikono iliyovipamba

Wafalme wa zamani walibeba panga zisizokata. Wafuachuma waliozipamba waliheshimiwa karibu sawa na wafalme wenyewe. Leo madini ya Masisi na Walikale yanaondoka ndani ya mifuko, na kazi ya mikono inafanyika mbali. Tuangalie namna ilivyokuwa, na kile ambacho bado kiko mikononi mwetu.

Wachimbaji wa Burungu na familia zao wanajua mizani vizuri. Kilo ya kasiterite iko na bei yake, kilo ya koltani iko na yake, na mnunuzi akisema asilimia imeshuka, bei nayo inashuka hapo hapo. Leo tunaongea juu ya kitu ambacho mizani haiwezi kupima, ni kusema kazi ya mkono juu ya chuma. Tumechagua kitu kimoja kidogo: mpini wa kisu. Hatusemi kisu cha jikoni wala panga la kukatia majani ya ng'ombe. Tunasema kile cha heshima, kinachobebwa na mfalme, mwami ao bwana arusi, na ambacho mara mingi hakijakata hata ndizi.

Wazee wanasema anayeshika mpini ndiye mwenye nguvu, na anayeshika makali anajikata. Tuone basi nani alishika mpini zamani, na nani anaushika leo.

Upanga wa shaba tupu

Mwaka 1870 msafiri Georg Schweinfurth alifika kwa Wamangbetu, kule Uele, kaskazini-mashariki ya Kongo yetu. Mfalme wao, Mbunza, alimpokea ndani ya baraza kubwa ya miti na makuti. Mbunza alikuwa amejaa shaba mwilini: mikononi, miguuni, shingoni. Na mkono wa kuume alishika upanga uliopinda kama mundu. Schweinfurth aliandika kwamba ile silaha ilikuwa ya pambo tu, yote ya shaba tupu.

Kila mtu aliyewahi kugusa shaba anaelewa maana yake. Shaba ni laini. Ukipiga mti nayo, makali yanajikunja. Kwa hiyo Mbunza hakushika ile upanga juu ya kupigana. Shaba kule Uele ilifika kwa biashara ya mbali, ilikuwa kitu cha bei kali, na mtu aliyeweza kuitoa kwa kitu kisichokata alikuwa anaonyesha wageni utajiri wake bila kufungua kinywa. Wafuachuma wake walikuwa na ujuzi mkubwa: visu vya Mangbetu vilipinda sawa mundu, vingine vilitobolewa matundu kwenye bapa, na mipini ilikuwa ya mti ao ya pembe ya tembo, ikizungushiwa waya wa shaba ao wa chuma.

Kule Kasai, Wakuba walifika kwenye wazo lile lile kwa njia ingine. Masimulizi yao yanasema kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong, anayewekwa karne ya 17, alikataza kisu cha kurusha kilichoitwa shongo, juu kilikuwa kinaua watu mingi. Mahali pake alileta ikul, kisu cha amani. Ikul iko na bapa pana kama jani la mti, na mpini wa mti unaoishia na kichwa cha mviringo, mara mingi umetiwa nakshi za shaba ndani ya mti. Sanamu za wafalme wa Kuba, zinazoitwa ndop, zinaonyesha mfalme amekaa chini, miguu imekunjwa, na ikul mkononi. Moja ya zile sanamu, ya Shyaam mwenyewe, iko London ndani ya British Museum tangu mwaka 1909.

Shoka la begani

Waluba wa Katanga walikuwa na shoka la heshima, kibiki, ambalo mkubwa alilibeba begani akienda barazani. Mpini wake mara mingi unaishia na kichwa cha mwanamke kilichochongwa vizuri, nywele zimesukwa kwa uangalifu, na bapa la chuma linatoka pale. Bapa lenyewe linachorwa mistari na misalaba midogo. Majirani zao Wasongye walifunika mpini wote kwa bati jembamba la shaba, na bapa lao halikuwa kipande kimoja: fundi alisokota vyuma vyembamba sawa kamba, akavifunga pamoja, na juu ya vile vyuma akafua nyuso ndogo za watu, moja juu ya ingine. Mtu akishika shoka kama ile mkononi, anajiuliza fundi alikaa siku ngapi mbele ya moto.

Hii desturi ni ya zamani sana kushinda wafalme tunaowajua kwa majina. Kule Upemba, watafiti wamefungua makaburi ya watu walioishi kabla ya ufalme wa Waluba. Katika kaburi moja, la karne ya 8 mpaka ya 10 hivi, walikuta fuawe la chuma karibu na kichwa cha marehemu, pamoja na shoka la heshima ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari midogo ya chuma. Zaidi ya miaka elfu moja imepita. Mti umeoza, misumari imebaki, na kwa namna ilivyopangwa mtu anasoma bado umbo la mpini.

Fuawe na shoka pamoja: yule mtu alikuwa mkubwa wa kijiji ao mfuachuma? Kwa wahenga wa pande hizi, huenda swali lenyewe halikuwa na maana. Karibu na sisi, kule Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofunguliwa, nyundo za chuma zilikutwa karibu na kichwa chake vilevile. Masimulizi ya Waluba yanasema ufundi mzuri wa chuma uliingia pamoja na ufalme wenyewe. Mwenye kugeuza jiwe kuwa jembe, na jembe kuwa mahari ya bibi arusi, hakuwa mtu wa chini.

Namna mpini ulivyovikwa

Wachimbaji watapenda kujua kazi yenyewe, juu wao wanajua jiwe. Tuanze na shaba ya Katanga.

Jiwe lililotafutwa lilikuwa lile la kijani, malakiti. Lilichimbwa wakati wa kiangazi, kisha mavuno, kwa mitalimbo na majembe ya chuma. Wamama na watoto walilichambua na kuliosha mtoni, kazi ambayo wamama wa pande zetu wanaifanya mpaka leo na kasiterite. Kisha jiwe liliingia ndani ya tanuru ya udongo wa kichuguu, na makaa, na viriba vya ngozi vya kupuliza upepo. Shaba ilipoyeyuka, ilimwagwa ndani ya umbo la msalaba. Ile misalaba ndiyo ilisafiri nchi nzima kama makuta ya biashara.

Wayeke, waliokuja toka Unyamwezi pamoja na Msiri katika karne ya 19, walikuwa mabingwa wa waya. Walichukua shaba, wakaifua mpaka ikawa fimbo ndefu, wakachonga ncha yake. Ile ncha iliingizwa ndani ya tundu la kipande cha chuma kigumu, ikakamatwa upande wa pili na koleo, na wanaume wakavuta kwa nguvu zote. Fimbo ilipopita, ilikuwa nyembamba kidogo. Wakaipitisha tundu dogo zaidi, tena na tena. Shaba ikivutwa hivi inakuwa ngumu na inaanza kukatika, kwa hiyo kila mara ilirudishwa motoni ilainike. Mwishowe wanapata waya mwembamba sana, na huu ndio ulizungushwa kwenye mipini, kwenye mikuki na kwenye bangili.

Kuvika mpini kulikuwa na njia tatu kubwa. Ya kwanza ni hii ya waya: unazungushwa mzunguko kwa mzunguko bila nafasi, na mwisho wake unafichwa chini ya mizunguko ingine ili usichome mkono. Ya pili ni bati: shaba inafuliwa mpaka inakuwa nyembamba sawa karatasi, inakunjwa juu ya mti, na inashikwa na misumari midogo iliyopangwa kwa mistari, ili msumari wenyewe ukuwe pambo. Ya tatu ni ya Wakuba: fundi anachimba mfereji mwembamba ndani ya mti, anaingiza utepe wa shaba, kisha anasugua mpaka mti na shaba vinakuwa kitu kimoja chini ya kidole.

Angalia hesabu hapa. Shaba iliyoko kwenye mpini mmoja ni kidogo sana, pengine ngumi moja haijai. Kwa mizani ya kontwari haifiki mbali. Lakini mpini ukimalizika, ile shaba kidogo imebeba siku za mchimbaji, za mama aliyeosha jiwe, za mvuta waya, za mchonga mti na za mfuachuma. Wote walikuwa watu wa nchi moja, na bei yote ilibaki kwao.

Gramu 4 za dhahabu ndani ya 100

Hakuna nchi iliyofikisha hii kazi mbali kama Ujapani. Kule, upanga wa heshima ulikuwa na mafundi wake, kila mtu na sehemu yake. Mmoja alifua bapa. Mwingine alilinoa. Wa tatu alichonga ala ya mti, wa nne akaipaka rangi ngumu ya utomvu wa mti, safu juu ya safu. Mwingine alivika mpini ngozi ya samaki taa, yenye punje punje, kisha akausuka kwa uzi wa hariri. Na kipande kidogo cha mviringo kinachokinga mkono, tsuba, kilikuwa na fundi wake mwenyewe, aliyeweza kuchora juu yake ndege, mawimbi ao majani ya vuli, ndani ya nafasi isiyozidi kiganja cha mtoto. Kwenye baraza la mfalme wao, panga zingine za mapambo zilikuwa na bapa ambalo halikuweza kukata kitu. Mbunza angeelewa vizuri kabisa.

Watu wa dhahabu wa Walikale wasikilize hii. Wajapani walichanganya shaba na dhahabu kidogo, mara mingi gramu 4 hivi ndani ya gramu 100. Huu mchanganyiko wanauita shakudo. Ukiutazama ukitoka motoni, unafanana na shaba ya kawaida tu, na mnunuzi asiyejua angeutupa pembeni. Lakini ukichemshwa ndani ya maji ya dawa, uso wake unageuka mweusi wa kung'aa, wenye rangi ya zambarau ndani, sawa bawa la kunguru. Juu ya ule weusi fundi anapachika maua ya dhahabu safi. Gramu 4 tu, na kile kipande kinauzwa kushinda dhahabu yenyewe kwa uzito.

Kisha, mwaka 1876, serikali ya Ujapani ilikataza watu kutembea na panga. Siku moja maelfu ya mafundi wakajikuta bila wateja. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kule ilionekana. Wengi walipeleka ufundi wao kwenye vyombo vya maua, visanduku na mapambo ya kuuza ngambo. Bingwa mmoja wa vipande vya panga, Kano Natsuo, alikuwa amekwisha kuitwa na serikali kuchora makuta mapya ya nchi. Mkono uliozoea kupamba upanga wa mkubwa ukachora sarafu ya kila mtu.

Mpini unaweza pia kula nchi

Isifikiriwe kwamba kila mpini mzuri ni baraka. Njia iliyoleta Kiswahili huku kwetu, toka Zanzibar mpaka Nyangwe na Kasongo, ilileta pia jambia na vitara vya Waarabu, pamoja na minyororo ya watumwa na misafara ya pembe za tembo. Jambia la Oman, wanaloliita khanjar, ni kazi ya ajabu: ala imefunikwa nyuzi za fedha, na zamani mafundi waliyeyusha sarafu za fedha za Maria Theresa juu ya kuipata. Liko kwenye bendera ya Oman, na mwaka 2022 UNESCO iliandika ufundi wake kati ya urithi wa dunia. Pale pia, mtu anayejua anaangalia mpini kwanza.

Na mpini uliotafutwa kushinda yote ulikuwa wa pembe ya kifaru, juu kadiri unavyoshikwa ndivyo unavyong'aa. Katika miaka ya 1970 vijana mingi wa Yemen walienda kufanya kazi Saudia, kwenye utajiri wa petroli. Walirudi na makuta, na kila mmoja alitaka jambia la mpini wa kifaru, ambalo zamani lilikuwa la wakubwa tu. Vifaru vya Afrika vikalipa. Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000 mwaka 1970. Mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Yemen ilikataza kuingiza zile pembe mwaka 1982, lakini biashara ya siri iliendelea, na wanunuzi wa dawa kule Asia waliongeza moto.

Kongo yetu ililipa vilevile. Mbuga ya Garamba, kule Uele kwa Wamangbetu na Wazande, ilikuwa kimbilio la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini. Mwaka 1984 walihesabiwa 15 tu. Walinzi walijitahidi, wakafika karibu 30, halafu vita vikaja na majangili pamoja. Leo hakuna hata mmoja Garamba wa ile aina. Dume la mwisho duniani, Sudan, lilikufa Kenya mwezi wa 3 mwaka 2018, na kumebaki majike wawili tu, Najin na Fatu. Mwaka 2023 vifaru weupe 16 waliletwa Garamba toka Afrika ya Kusini, lakini wale ni wa aina ya kusini.

Hapa tunaona tofauti. Mpini wa Wakuba uliacha utajiri mahali ulipotengenezwa. Mpini wa kifaru ulikula mahali pamoja na kutajirisha pengine. Wachimbaji wanaijua hii ya pili vizuri, juu wanaiishi kila siku. Kasiterite na koltani zinatoka Masisi na Walikale ndani ya mifuko, kisha kuyeyushwa na kugeuzwa chombo kunafanyika ngambo. Mchimbaji anashika upande wa makali: shimo linaweza kuanguka, maji yanaweza kuingia, bei inaweza kushuka usiku mmoja. Mpini wameshika wengine.

Kilichobaki mikononi

Tusiseme basi kwamba yote yamepotea. Kila mahali pa machimbo kuko mtu mwenye moto, fuawe na nyundo. Ndiye ananoa patasi na mitalimbo ya wachimbaji, anageuza ressort ya gari kuwa panga ao kisu. Watu wanamwita tu akiwa na kazi ya haraka, wanamlipa franka kidogo, wanaenda. Lakini yule ni mjukuu wa kazi ile ile tuliyoisimulia. Anajua rangi ya chuma ikiwa tayari. Anajua kuzamisha makali majini bila kuyapasua. Kinachomkosekana mara mingi ni mteja anayemwambia: nifanyie kitu kizuri, nitangoja.

Na kuko visu vya zamani. Katika familia mingi, chini ya kitanda ao juu ya dari, kunalala mkuki wa babu, kisu chenye waya kwenye mpini, shoka la sherehe. Wakati wa shida, kitu kama hicho kinauzwa kwa bei ya chuma chakavu, ao kwa mpita njia anayejua thamani yake kushinda mwenye nyumba. Tukumbuke kwamba mwaka 2022 Ubelgiji iliipatia serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo ndani ya jumba la Tervuren. Watu wetu wanaanza paka sasa kudai kuviona tena, na Kinshasa imefungua Musée National mpya tangu mwaka 2019. Itakuwa aibu kama tunadai vya Tervuren na huku tunauza vya chini ya kitanda.

Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu ya bei rahisi. Kwanza, kama kuko kisu ao mkuki wa zamani nyumbani, usisugue mpini wake kwa mchanga ili ung'ae: mchanga unaondoa nakshi, na kutu iliyolala ndani ya mistari ndiyo inaonyesha umri. Kitambaa kikavu na mafuta kidogo kwenye chuma vinatosha. Pili, muulize mzee jina la aliyekifua na sherehe kilichotumika, na mtoto anayesoma aandike ndani ya daftari. Kisu kisicho na historia ni chuma tu, hata mbele ya mnunuzi. Tatu, kama mtoto anapenda moto na nyundo, usimkataze akakae kwa mfuachuma wakati wa likizo.

Wakati ingine arusi ikipangwa pale Burungu, ao mwami akipokea wageni, familia inaweza kuagiza kisu kimoja cha heshima kwa fundi wa hapo hapo. Waya wa shaba unapatikana ndani ya nyaya za umeme zilizokufa, mti mgumu uko msituni, chuma kiko garini. Fundi atauliza kwanza bapa likuwe la urefu gani. Mwambie bapa lolote ni sawa, aanze na mpini.